Ufa Ulizibwa 2023, Lakini Seva ya Mtaani Haijaambiwa

Wasee, leo siongelei siasa. Leo naongelea karatasi.

Watu wengi hapa mtaani wanaamini maandishi hayawezi kudhuru kompyuta. Wanasema hatari ni programu: ukipakua mchezo usiojua umetoka wapi, au ukibonyeza linki ya "umeshinda", hapo umejitakia. Lakini swali la hesabu? Barua? Karatasi ya mtihani? Hayo ni maneno tu, yatafanya nini?

Hiyo imani ni ya zamani, na kwa miaka mingi ya uchapishaji ilikuwa ya kweli. Siku hizi si ya kweli tena. Mwezi wa tano 2023 ilitangazwa hadharani kwamba LuaTeX, moja ya programu zinazopanga chapa za vitabu, makala za sayansi na mitihani duniani kote, ilikuwa na ufa. Mtu angeweza kukutumia karatasi ya kawaida kabisa, wewe ukaipanga upate PDF, na wakati unasubiri kurasa zako, karatasi ile ile inaiamuru kompyuta yako ifanye chochote ambacho wewe mwenyewe ungeweza kuifanyisha. Ufa huo ulikuwepo tangu matoleo ya 2017. Miaka 6. Tiba ilitoka mwezi huo huo, bure, kwa kila mtu.

Hoja yangu leo ni moja: historia ya ufa huu inaonyesha kwamba kugundua na kuziba si sehemu ngumu. Kuna watu huko nje wanaifanya hiyo kazi vizuri, na wengi hawalipwi. Sehemu ngumu ni kilomita ya mwisho, kutoka kwa hao watu hadi kwenye ile mashine iliyo chini ya meza hapa Kongo. Na hiyo kilomita hakuna mtu atakuja kuitembea kwa niaba yetu.

Kwanza, kwa nini mtaa ujali

Kutoka Kongo na Kawangware 56 hadi Kibera kule Olympic na Laini Saba, kuna biashara moja ambayo haiandikwi kwenye magazeti: kutengeneza mitihani. Shule zetu za jamii ni nyingi, na kila muhula zinahitaji karatasi. Mwalimu mmoja hawezi kutunga masomo yote, kwa hivyo shule kadhaa zinachangia maswali, mtu mmoja anayapanga vizuri, yanachapwa, na kila shule inabeba bahasha zake. Mzazi analipa kidogo, mtoto anafanya mtihani uliosimama wima kama wa shule kubwa.

Hesabu ndiyo kichwa ngumu. Sehemu, vipeo, mizizi, pembetatu zenye majina ya pembe. Ukiandika kwa programu ya kawaida ya ofisi, inakataa kukaa sawa. Ndiyo maana walimu wa hesabu waliopitia chuo wanapenda LaTeX. Mimi mwenyewe niliikuta mwaka wa kwanza wa chuo, kabla karo haijaniambia kwaheri mwaka wa pili. Degree sikupata, lakini LaTeX nilitoka nayo.

Mwaka jana niliitwa na mwalimu mmoja anayeendesha kituo cha mitihani cha aina hiyo. Ana kompyuta kuukuu iliyogeuzwa kuwa seva. Walimu wa shule mbalimbali wanatuma maswali yao, seva inayapokea, inayapanga kwa LuaTeX, inatoa PDF. Hakuna mtu anayesoma faili ya mwalimu kabla mashine haijaimeza. Kwenye mashine hiyo hiyo kuna majibu ya mitihani yote, majina ya watoto, alama zao, na namba za simu za wazazi.

Nilipochungulia nikaona mara ya mwisho mashine kusasishwa ilikuwa 2022. Aliyeiweka kabla yangu alizima masasisho ili kuokoa bando, kisha akahamia kazi nyingine.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii mashine iko nyuma sana."

"Kijana, inachapa?"

"Inachapa."

"Basi iache. Mtihani ni Jumatatu."

Msimcheke. Jibu lake lina akili, na nitalirudia. Kwanza nieleze tulifikaje hapa, mahali ambapo karatasi inaweza kutoa amri.

Wakati karatasi ilimdhuru mtu, si mashine

Zamani kupanga chapa ilikuwa kazi ya vidole. Kisiwani Unguja, Askofu Edward Steere na misheni ya UMCA walikuwa na mashine ya kuchapa kwa mkono tangu miaka ya 1860, na vijana waliokombolewa kutoka utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, mpaka ukurasa utimie. Mpangaji alisoma kila neno kwa sababu ilibidi aliguse kila neno. Neno baya halikuweza kupita bila mkono wa mtu.

Hatari ya maandishi wakati huo iliangukia binadamu. Hapa Nairobi, Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times mwaka 1933, na kiwanda chake kilichapa pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Serikali ya mkoloni ilimshtaki kwa uchochezi zaidi ya mara moja miaka ya 1940, na akafungwa. Maneno mengine yaliyomletea kesi hata hayakuwa yake. Yaliandikwa na watu wengine, yeye akayachapa. Lakini mashine yenyewe haikujua chochote. Herufi za risasi hazisikii. Ukipanga neno "vunja", hazivunji kitu.

Shikilia hapo. Kitu kilichobadilika ni hiki: mashine ilianza kusikia.

Profesa aliyechukizwa na kurasa zake

Mwaka 1977, Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake. Toleo la kwanza lilipangwa kwa risasi na lilikuwa zuri. Hili jipya lilipangwa kwa teknolojia mpya ya picha, na hesabu zake zilikaa vibaya. Watu wengi wangelalamika kwa mchapishaji. Yeye akaamua kuandika programu yake mwenyewe, akidhani itamchukua muda mfupi. Ilimchukua karibu miaka 10 kuikamilisha. Akaiita TeX, akaitoa bure. Baadaye Leslie Lamport akajenga LaTeX juu yake, ndiyo watu wengi wanaitumia hadi leo.

Knuth alijivunia usafi wa kazi yake mpaka akaahidi zawadi kwa atakayepata kosa: hundi ya dola 2.56. Pesa kidogo, lakini watu walizitundika ukutani badala ya kwenda nazo benki. Hapo ndipo historia inaanza kuchekesha. Watu walipiga picha hundi zao wakazitupa mtandaoni, na kwenye hundi kuna namba ya akaunti. Walaghai wakaanza kugusa akaunti zake. Mwaka 2008 ilibidi aache kutoa hundi za kweli, akaanza kutoa vyeti vya benki ya kubuni katika nchi ya kubuni iitwayo San Serriffe. Hebu fikiria: mtu aliyewinda makosa ya programu kwa ukali kuliko wote aliingiliwa kupitia karatasi yenyewe ya zawadi. Ufa haukuwa kwenye hesabu zake. Ulikuwa kwenye kumwamini kila anayeshika karatasi.

Sasa, TeX si kama programu ya ofisi. Faili ya TeX si picha ya ukurasa. Ni maagizo: weka hiki hapa, ukifika pale rudia mara 20, kama namba ni kubwa fanya hivi, kama ni ndogo fanya vile. Hiyo ni lugha kamili ya programu iliyovaa nguo za karatasi. Kila ukipanga faili ya mtu, unakubali kompyuta yako itii maagizo ya huyo mtu. Mara nyingi maagizo ni "chora sehemu hapa". Mara nyingi.

TeX haiko peke yake. PostScript ya Adobe, iliyotoka katikati ya miaka ya 1980 na kuzipa printa lugha ya kuongea, nayo ni lugha ya programu. Ghostscript, ambayo inaisoma PostScript na PDF kwenye seva nyingi, ilipatikana na nyufa tena na tena, mpaka mwaka 2019 waliamua toleo la 9.50 lianze likiwa limefungwa, badala ya kusubiri mtumiaji akumbuke kulifunga.

Mlango namba 18

Ndani ya TeX kuna amri ya kuandika kwenye faili, na kila faili ina namba, kuanzia 0 hadi 15. Waliokuja baadaye wakatumia namba isiyo na faili, 18, kama mlango wa siri: ukiandika kitu kwenye namba 18, hakiendi kwenye faili, kinaenda moja kwa moja kwa kompyuta kama amri. Sababu yao ilikuwa nzuri. Mtu anataka karatasi yake iite programu nyingine ichore grafu, kisha grafu irudi kwenye ukurasa. Ni kama kumpa fundi ufunguo wa stoo ili asikusumbue kila dakika.

Lakini ufunguo huo huo unaingia na mgeni. Kwa hivyo mlango 18 ukafungwa kwa kawaida. Ukiutaka, unaufungua mwenyewe. Kuanzia TeX Live ya 2010 pakawa na njia ya katikati: mlango uko nusu wazi, na ni programu chache tu zilizo kwenye orodha ya kuaminika zinazoruhusiwa kuitwa.

Mwaka huo huo wa 2010, watafiti Stephen Checkoway, Hovav Shacham na Eric Rescorla walichapisha makala wakionyesha kwamba faili za LaTeX kutoka kwa watu usiowajua zinaweza kuiba data au kuambukiza kompyuta. Walionya pia kuhusu huduma za mtandaoni zinazopanga faili za watu kwenye seva. Manze, hiyo ni 2010. Onyo lilikuwepo.

Halafu mwaka 2016 ikagundulika kwamba mmoja wa wale wa orodha ya kuaminika hakuaminika. Programu ya kuchora inayoitwa mpost ilikuwa kwenye orodha, lakini mpost yenyewe ingeweza kuelekezwa iite programu nyingine yoyote. Yaani umemzuia mgeni mlangoni, lakini umemruhusu shemeji, na shemeji anakuja na mgeni. Tiba ilikuwa kuifuta mpost kwenye orodha. Mstari mmoja.

Mwezi mchanga wa Brazil na ufunguo chini ya mkeka

LuaTeX ilizaliwa katikati ya miaka ya 2000, na toleo la 1.0 likatoka 2016. Wazo lake: chukua TeX, weka ndani yake lugha nyingine rahisi zaidi, ili watu wafanye mambo magumu bila kupigana na amri za kizamani. Lugha waliyochagua ni Lua, maana yake "mwezi" kwa Kireno. Ilitengenezwa Rio de Janeiro mwaka 1993, wakati Brazil ilikuwa imetoka kwenye miaka ya vizuizi vikali dhidi ya kununua kompyuta na programu za nje, na watu wakazoea kujitengenezea. Mimi hiyo sehemu hunifurahisha. Lugha ya watu wa kusini, leo iko ndani ya michezo na programu za dunia nzima.

Lua ina uwezo wa kuita amri za kompyuta. Watengenezaji wa LuaTeX walijua, kwa hivyo wakati mlango 18 umefungwa, wao pia waliuondoa huo uwezo machoni pa mtumiaji na kuweka mahali pake kikwazo kinachosema "hairuhusiwi". Shida ni kwamba ule uwezo wa asili haukutolewa nje. Ulihifadhiwa ndani, nyuma ya kikwazo. Na Lua ina zana za mafundi za kuchungulia ndani ya programu inayotembea. Aliyejua kuzitumia angefika nyuma ya kikwazo na kuuchukua uwezo ule ukiwa mzima. Mlango ulifungwa vizuri, ufunguo ukaachwa chini ya mkeka.

Aliyegundua ni Max Chernoff, mtu wa jamii ya watumiaji wa TeX wenyewe. Hakukimbilia kuutangaza kwa kelele. Aliwaambia wahusika kimya kimya, wakarekebisha, LuaTeX 1.17.0 ikatoka, TeX Live na MiKTeX wakasambaza, na Debian na Ubuntu wakatoa viraka vyao. Ukaandikishwa kwa namba ambayo kila msimamizi wa seva anaweza kuitafuta: CVE-2023-32700. Wakati huo huo wakaziba na jambo la pili: karatasi ilikuwa inaweza kufungua mawasiliano ya mtandao bila kuuliza mtu.

Ukipima kwa kipimo chochote, hiyo ni kazi safi. Ufa ukaonekana, ukazibwa, na watu wakaambiwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa. Sasa mbona bado naandika?

Kiraka kinasafiri vipi hadi Nairobi

Kwa sababu kiraka hakipai. Kinatoka kwa mwandishi, kinaenda kwa wasambazaji, kinakaa kwenye seva za nakala duniani, na kinasubiri mashine yako ikiulize. Isipouliza, hakiji.

Kuna wakati hata kuuliza kulikuwa kwa shida. Mwaka 2000, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine ng'ambo ya barabara, zikiwa na watoa huduma tofauti, ilipanda setilaiti ikaenda ng'ambo ya bahari kisha ikarudi. Watoa huduma wakaamua kukutana hapa hapa, wakafungua kituo cha kubadilishana cha KIXP mwishoni mwa Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki hiyo ni yake peke yake, na wiki chache baadaye msimamizi wa mawasiliano akaagiza kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Vyuo vikuu navyo viliungana chini ya KENET, iliyoanzishwa 1999, ili wagawane gharama. Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, TEAMS na SEACOM, na bei ikaanza kushuka.

Nataja haya kwa sababu ile tabia ya kuzima masasisho haikutokana na uvivu. Ilitoka kwenye miaka ambayo kila megabaiti ilikuwa na bei ya unga. TeX Live nzima ni gigabaiti kadhaa. Kwa mtu anayenunua bando la siku, kusasisha ni kuchoma chakula. Fundi aliyefunza fundi aliyefunza fundi wa leo alisema "zima hizo vitu zinakula data", na neno likawa desturi. Nyaya zilikuja, desturi ikabaki.

Tarehe mbili za kukumbuka

Kama unadhani natishia watu bure, kumbuka WannaCry. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilianza tarehe 12 Mei 2017, karibu siku 60 baadaye. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150 zilifungwa, na kule Uingereza hospitali zikafukuza wagonjwa. Tiba ilikuwepo, na wengi walioumia walikuwa hawajaimeza.

Sisemi LuaTeX imeleta janga kama hilo. Ninachosema ni kwamba siku kiraka kinatangazwa, kila mtu anapata habari, mzuri na mbaya. Kiraka kinaonyesha ufa ulikuwa wapi. Kwa hivyo mashine isiyosasishwa iko hatarini zaidi baada ya tangazo kuliko kabla yake. Mtu wa kwanza alihitaji akili nyingi kuupata. Wa pili anahitaji kusoma tu.

Na kwetu mwizi hahitaji kutoka ng'ambo. Tunaijua bei ya karatasi ya mtihani nchi hii. Baada ya KCSE ya 2015 matokeo ya maelfu ya watahiniwa yalifutwa, na Machi 2016 bodi ya KNEC ikavunjwa. Baadaye makontena yakaongezewa kufuli. Mitihani yetu ya mtaani si KCSE, sawa. Lakini kuna mwanafunzi mwenye shangazi mwalimu, kuna kijana anayejua kompyuta, na kuna mtu aliye tayari kulipa. Kufuli za kontena hazisaidii kama karatasi inaibwa kabla haijawa karatasi.

Sasa turudi kwa Mwalimu

Alisema "mtihani ni Jumatatu". Hofu yake ni ya kweli: ukisasisha TeX Live kutoka toleo la mwaka mmoja hadi jingine, mpangilio unaweza kusogea. Mstari unaruka ukurasa, mchoro unahama, karatasi ya kurasa 4 inakuwa ya 5. Kwa mtu aliyeshalipia karatasi za kuchapa, hiyo ni hasara anayoiona leo. Ufa ni hasara ambayo huenda isije kamwe. Akili ya mfanyabiashara inachagua.

Lakini hapo ndipo watu wengi hawajui jambo moja. Debian na Ubuntu kwa matoleo yao ya kudumu hawakuletei programu mpya nzima. Wanachukua ile dawa ndogo tu na kuitia kwenye toleo la zamani ulilonalo. Mpangilio haubadiliki. Ndiyo maana pia namba inaweza kukudanganya: LuaTeX yako inaweza kusema iko chini ya 1.17 na bado iwe imezibwa, kwa sababu waliziba bila kubadilisha jina. Cha kuangalia ni toleo la pakiti na maelezo yake, si namba ya LuaTeX peke yake. Na kipakuliwe ni kidogo ukilinganisha na TeX Live nzima.

Kwa ruhusa yake nilinakili mfumo wake kwenye kompyuta nyingine isiyo na mtandao. Nikatengeneza swali la darasa la 7, "Rahisisha 3x + 2x", na chini yake mistari michache isiyoonekana kwenye ukurasa. Tukalipanga. PDF ikatoka safi, swali zuri kabisa. Halafu nikamwonyesha faili mpya ambayo swali lile lilikuwa limeiunda yenyewe, nje ya folda yake: orodha ya kila kitu kilichokuwa kwenye mashine, kuanzia majibu ya hesabu hadi namba za wazazi. Akanyamaza. Akauliza, "Na hii ingeweza kujituma?" Nikamwambia ndiyo.

Alinipa Jumapili yote. Mtihani wa Jumatatu ulikuwa umeshachapwa, uliofuata ungesubiri. Tulifanya mambo manne, na hakuna hata moja lililohitaji degree. Tulihifadhi nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje. Tukasasisha pakiti, kisha tukapanga upya mitihani 3 ya zamani na kuilinganisha na nakala zilizochapwa, ukurasa kwa ukurasa. Tukaipa kazi ya kupanga akaunti yake, isiyo na ruhusa ya kufika kwenye majibu wala majina. Na tukawasha masasisho ya usalama yawe yanaingia usiku.

Hiyo ya akaunti tofauti msiirukie. Kiraka kinazuia karatasi kutoa amri, lakini TeX kwa kawaida bado inaruhusiwa kusoma faili zozote ambazo mwenye akaunti anaweza kuzisoma. Kiraka peke yake si ukuta. Kama majibu yanakaa chumba kimoja na mgeni, siku moja atayasoma tu.

Kazi ya nani?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema anayeshika taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Haisemi "isipokuwa kama ofisi yako iko Kawangware". Lakini sheria haiji na fundi. Kituo kidogo cha mitihani hakiwezi kuajiri msimamizi wa seva, na hakuna ofisa atakayeshuka stejini Kongo kuuliza LuaTeX yako ni ya lini.

Ninaposikia watu wakisema vijana wa mtaa hawana kazi, mimi huona kazi hii imelala barabarani. Kila saiba, kila kituo cha mitihani, kila kanisa lenye kompyuta ya kuchapa nyimbo, kina mashine ambayo hakuna anayeitunza. Mtu mmoja anaweza kutunza mashine 10, mara moja kwa mwezi, kwa bei ambayo hata mama wa duka anaweza kulipa. Sawa na yule fundi wa mita za stima anayejulikana na ploti nzima. Hatujamzoea fundi wa viraka kwa sababu kazi yake ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea, na watu hawapendi kulipia kitu ambacho hakijatokea.

Knuth alilipa dola 2.56 kwa kila kosa ili kuonyesha kwamba kutafuta makosa ni kazi yenye heshima. Watu kama Chernoff hutafuta bila hata hiyo. Wa Debian wanaziba usiku wakiwa kwao. Mnyororo wote huo, kutoka Stanford ya 1977 hadi nyaya za Mombasa, umefika mpaka mlangoni petu. Umebaki ule mkono mmoja wa kuandika apt update kisha apt upgrade, na kukaa hapo mpaka imalize.

Kama una seva inayopanga faili za watu wengine, angalia leo ilisasishwa lini. Kama hujui kuangalia, muulize msee anayejua, na umlipe.